Kutoka maghala ya Kilwa hadi kiini cha kompyuta: Historia ya njia ghafi ya data

Mwaka 1974 yalitokea mambo manne ambayo hakuna aliyefikiri kwamba yana uhusiano. Katika Kisiwa cha Songosongo, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, kampuni ya Agip ya Italia ilichimba kisima na kukuta gesi asilia. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyekuwa amefukua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alichapisha matokeo ya kazi yake katika juzuu mbili. Na mwezi Julai, huko Marekani, Dennis Ritchie na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala kuhusu mfumo endeshi waliouunda, Unix.

Leo mambo hayo yamekutana. Gesi ya Songosongo inapimwa na kuandikwa na kompyuta. Wakazi wa Lindi walihesabiwa mwaka 2022 kwa vishikwambi. Simu ya Androidi aliyonayo mvuvi wa Kilwa Masoko inaendeshwa na Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix. Kote huko lipo swali moja ambalo wahandisi wamelijadili kwa nusu karne: programu ikiandika taarifa, taarifa hiyo iko wapi hasa, na ikipotea ni nani wa kuwajibika?

Enzi ya kadi zilizotobolewa

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Huo ulikuwa wakati wa kadi zilizotobolewa na kanda za sumaku. Katika mashine nyingi za kizazi hicho, mwandishi wa programu alilazimika kukijua kila kifaa kwa undani: namna ya kukiamuru kisoma kadi, muda wa kuisubiri kanda izunguke, na alama zinazoonyesha kwamba printa imekwama. Kifaa kikibadilishwa, programu nayo iliandikwa upya.

Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulipovurugika, lawama ziliangukia teknolojia yenyewe, na hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyozaa marufuku ya 1974. Marufuku hiyo ilikuja wakati mbaya. Miaka ileile ambayo vyuo vikuu vya nje vilianza kugawana Unix na kuisoma mstari kwa mstari, kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Haukuja kufunguka vizuri hadi kuelekea miaka ya 1990.

Kila kifaa ni faili

Makala ya Ritchie na Thompson ilieleza wazo jepesi lenye nguvu kubwa. Katika Unix kila kifaa, iwe diski, kanda au mashine ya kuchapa, huonekana kama faili ndani ya saraka moja iitwayo /dev. Programu hufungua, husoma na huandika kwa amri zilezile inazotumia kwa faili la kawaida. Kazi ngumu ya kuongea na kifaa hubaki kwa kiini, ile sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka juu ya vifaa vyote.

Kiini hicho hakikuipeleka kila herufi diskini papo hapo. Diski huenda polepole kuliko kumbukumbu, kwa hiyo kiini kilitenga sehemu ya kumbukumbu kuwa akiba ya muda. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, akiba hiyo ilikuwa na nafasi 15, kila moja ya baiti 512. Jumla baiti 7,680, pungufu hata ya herufi za makala hii. Programu ilipoandika, kiini kilinakili data kwenye akiba na kuijibu kwamba kazi imekwisha, kisha kikaipeleka diskini baadaye. Programu ndogo iliyoitwa update iliamka kila baada ya sekunde 30 kukikumbusha kiini kumwaga akiba yake. Umeme ukikatika ndani ya muda huo, kilichokuwa hakijafika diskini kilipotea, ingawa programu ilikwisha kuambiwa kwamba kimeandikwa.

Msomaji anayeijua historia ya Kilwa ataupata mpangilio huu haraka. Taarifa za Wareno za mwanzoni mwa karne ya 16 zinaeleza kwamba wafanyabiashara waliokwenda bandari ya Sofala, kusini mwa Kilwa, kutafuta dhahabu walilazimika kupitia Kilwa na kulipa ushuru. Jahazi liliingia, shehena ikakaguliwa, bidhaa zikawekwa ghalani zikisubiri safari inayofuata. Kiini cha Unix kilikuwa bandari ya namna hiyo. Hakuna programu iliyokifikia kifaa bila kupita kwake, na akiba ya muda ndiyo iliyokuwa ghala.

Njia ya pili

Ritchie na Thompson waliona mapema kwamba si kila shehena inahitaji kulala ghalani. Diski moja ya Unix ilipewa majina mawili. Mfano /dev/rk0 ilipitia akiba, na /dev/rrk0 ilikuwa diski ileile kwa njia ghafi. Programu ilipotumia jina la pili, sehemu ya kiini iliyoitwa physio ilihakikisha kwamba anwani za kumbukumbu zilizoombwa ni halali, ikaifunga programu isihamishwe kutoka kwenye kumbukumbu, kisha ikaiacha diski ihamishe data moja kwa moja hadi kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe.

Wengi hudhani kwamba njia ghafi humkwepa mlinzi. Sivyo. Ruhusa bado hukaguliwa na amri bado hutolewa na kiini. Kinachoachwa ni ghala tu. Faida yake ilionekana katika kazi kubwa kama kunakili diski nzima, kuhifadhi nakala kwenye kanda au kukagua mfumo wa faili ulioharibika. Badala ya kusogeza baiti 512 kwa mara moja, programu iliomba vipande vingi kwa pigo moja.

Mhadhiri John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliandika kwa ajili ya wanafunzi wake ufafanuzi wa kiini chote cha toleo la sita, mistari isiyozidi 10,000. Wenye hakimiliki walipozuia usisambazwe, ulienea duniani kwa fotokopi. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunza kiini kwa kusoma karatasi hizo.

Malalamiko ya wenye hifadhidata

Mwaka 1981 Michael Stonebraker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha hoja nzito: huduma nyingi za mifumo endeshi hazifai kwa hifadhidata. Hifadhidata inajua yenyewe ukurasa upi utahitajika tena na upi utupwe. Zaidi ya hayo, ina kanuni isiyovunjwa: rekodi ya muamala ifike diskini kabla ya muamala kutangazwa umekamilika. Kiini kinachojibu "tayari" huku data ingali kwenye akiba kinaivunja kanuni hiyo. Mwaka 1983 toleo la Unix la Berkeley, 4.2BSD, lilileta amri iitwayo fsync, inayoiwezesha programu kusubiri hadi kiini kimwage data za faili husika.

Hata hivyo kampuni kama Oracle, Sybase na Informix ziliendelea kwa miaka mingi kuwashauri wateja watenge diski ghafi. Kasi iliongezeka, lakini msimamizi alilipa gharama yake. Diski ghafi haina majina ya faili wala orodha ya vilivyomo. Kwa mtu asiyeijua, inaonekana tupu. Amri moja ya kuitengeneza upya ilitosha kufuta hesabu za kampuni nzima.

Linux yafungua na kufunga

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikuwa na njia ghafi mwanzoni. Stephen Tweedie aliitengeneza, ikaingia katika toleo la 2.4 la Januari 2001. Mwaka huohuo ikaongezwa alama iitwayo O_DIRECT, inayoiruhusu programu kuiruka akiba huku ikitumia faili la kawaida lenye jina na ruhusa zake. Hapo haja ya diski ghafi ikapungua, na mwaka 2021 toleo la 5.14 liliiondoa kabisa ile njia ya zamani. FreeBSD, mzao wa Unix, ilikwenda kinyume: toleo la 4.0 la mwaka 2000 liliondoa diski zinazopitia akiba na kuacha zile ghafi tu.

Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL walithibitisha jambo lililowashtua. Katika Linux, fsync ikishindwa kwa hitilafu ya diski, kiini kingeweza kuzihesabu data zile kuwa safi, na fsync inayofuata ikajibu kwamba mambo ni mazuri. Walibadilisha programu yao isimame kabisa hitilafu hiyo ikitokea, kisha ijijenge upya kutoka kwenye rekodi za miamala. Miaka 44 baada ya makala ya Unix, bado watu walikuwa wakijifunza nini hasa kiini kinaahidi.

Maana yake kwa pwani ya Lindi

Gesi ya Songosongo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, kwa bomba la kilomita 25 baharini hadi Somanga na kilomita 207 nchi kavu. Kazi kama hiyo inaongozwa na vipimo vya shinikizo, joto na mtiririko. Kila kipimo hugeuzwa kuwa namba, husomwa na kifaa, huandikwa na programu. Namba za mtiririko ndizo zinazotoa ankara, na kutokana na mauzo hayo Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa inadai ushuru wake wa huduma. Ushuru wa zama za Sofala ulisimama juu ya macho ya wakaguzi bandarini. Huu wa leo unasimama juu ya data iliyofika diskini salama.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 1,194,028 ni wa Mkoa wa Lindi. Karani alijaza dodoso kwenye kishikwambi, na majibu yakakaa humo kabla ya kutumwa. Ndani ya kila kishikwambi cha Androidi kuna kiini cha Linux na hifadhidata ndogo ya SQLite, ambayo inaweza kuita fsync kila inapokamilisha muamala. Kwa hiyo taarifa za kaya ya kijiji kimoja wilayani Liwale zinaweza kusalimika hata betri ikizimika ghafla, kwa sababu ya mabishano yaliyoanza kwenye mashine yenye nafasi 15 za akiba.

Historia hii inatupa wajibu wa wazi. Halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika vya korosho na ufuta vinaponunua mfumo, zabuni iulize: mfumo unathibitisha data wakati gani, diski ikikosea unafanya nini, na je, umejaribiwa kwa kukatwa umeme katikati ya kazi? Muuzaji asiyeweza kujibu hajaijua bidhaa yake.

Na vyuo vyetu visiishie kufundisha vijana kubofya. Msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, bila ada wala kibali, na ufafanuzi wa Lions uliokuwa ukinakiliwa kwa siri sasa ni halali kuchapishwa. Mwaka 1974 kijana wa Kilwa asingeweza kupata maarifa ya namna hiyo hata angetaka. Leo anaweza kuanza na mistari michache ya physio usiku mmoja, akaelewa data inavyosafiri kutoka programu hadi kifaa, kisha akaja kuisimamia mitambo ya gesi ya kwao kama mtu anayejua kinachotendeka ndani yake. Ujuzi huo ni haki ya pwani hii, na vyuo vinaweza kuanza kuutoa muhula ujao.