Picha za mtaani: masimulizi yasiyopangwa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Picha ya mtaani ni picha ya mnato inayopigwa mahali pa wazi, watu wakiwa katika shughuli zao, bila mpigapicha kuwapanga. Si lazima pawe na mtaa wa lami: gulio, stendi, kituo cha treni na maegesho ya malori vyote vinahesabika. Mgeni anayesimama kando ya Kimondo cha Mbozi, mkono juu ya chuma, anaitazama kamera, na picha ni yake. Ameitaka na ataichukua. Muuza mahindi ya kuchoma pale stendi ya Tunduma anatazama moto na wateja. Picha yake, ikifaulu, inasimulia jambo ambalo hakuna aliyeagiza lisimuliwe.

Hata hivyo, si kila picha ya kuvizia inasimulia. Mtu anayepita mbele ya ukuta ni mtu anayepita mbele ya ukuta, basi. Simulizi huanza pale mtazamaji anapojiuliza nini kilitangulia na nini kitafuata, na ndani ya fremu yenyewe akakuta ushahidi wa kumsaidia kukisia. Wanaoanza hulipuuza jambo hili mara nyingi. Wanadhani kutoonekana na mhusika ndiyo kazi nzima.

Upigaji huu ulishika kasi Ulaya baada ya kamera ndogo za filamu ya milimita 35 kuingia sokoni, hasa Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004) ndiye anayetajwa zaidi, na kitabu chake cha mwaka 1952 kilieneza wazo la nukta moja ambapo mwili, mwanga na mpangilio hukutana, kisha hutoweka. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kilichomsukuma kushika kamera ni picha ya Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, inayoonyesha wavulana watatu Waafrika wakikimbilia mawimbi, migongo yao ikielekea kwetu. Picha hiyo imechapishwa kwa maelezo mawili tofauti: mengine yanasema ni Ziwa Tanganyika, mengine yanasema ni Liberia. Kwa hiyo picha iliyomsukuma Cartier-Bresson imetembea dunia nzima bila mahali pake kueleweka, na bila majina ya wavulana wale.

Barani Afrika picha za kuvizia zilikuwa na kazi nzito zaidi ya kutafuta uzuri. Ernest Cole wa Afrika Kusini alipiga kwa siri maisha ya Weusi chini ya ubaguzi wa rangi, wakati mwingine kamera akiificha, na kitabu chake, House of Bondage, kikatoka mwaka 1967 akiwa tayari uhamishoni. Afrika Mashariki ilianzia upande mwingine, studioni. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa mwaka 1930, na hata wapigapicha wa Likoni, Mombasa, waliokuwa wakifanya kazi barabarani miaka ya 1990, walibeba studio zao pamoja na mapazia ya kuchorwa. Mteja alijipanga, akalipa, akasubiri picha yake. Ndiyo maana hadi leo swali la kwanza la mtu anayepigwa bila kuulizwa ni: yangu iko wapi? Ni swali la haki kabisa. Kenya, mwaka 2009, Boniface Mwangi na wenzake walilijibu kwa namna yao: maonyesho ya Picha Mtaani yalizirudisha barabarani, mbele ya wapita njia, picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Tunduma imejengeka kwa kupitiwa. Mji huu wa mpakani mwa Tanzania unatazamana na Nakonde ya Zambia, na ndani yake zinapita barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Mafuta na bidhaa za bandarini huelekea Zambia na Kongo; shaba huja upande huu. Mkoa wa Songwe wenyewe, ulimo mji huu, makao yake makuu yakiwa Vwawa, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu ili kupunguza foleni ya malori.

Foleni hiyo ndiyo inayolifanya wazo la Cartier-Bresson liwe gumu kutumika hapa. Nukta yake ni ya miji ya watu wanaokimbia: mtu anaruka dimbwi, kamera inamdaka hewani. Lori linalosubiri nyaraka haliruki. Hadithi kuu ya Tunduma ni kusubiri, na kusubiri hakuna nukta; kuna mrundikano. Mpigapicha anayezungukazunguka akitafuta tukio huondoka na picha za vumbi. Anayetazama vitu ambavyo kusubiri kumevikusanya huondoka na simulizi.

Chukua utingo aliyelala kwenye mkeka chini ya tela. Pembeni pana jiko la mkaa, sufuria iliyoshikwa na ukoko wa ugali, ndoo ya maji yenye kifuniko. Kandambili zimewekwa sambamba kando ya tairi, kama mlangoni mwa nyumba. Juu, kati ya kioo cha pembeni na nguzo ya turubai, imefungwa kamba yenye fulana mbili. Anayevuta lenzi hadi usoni anapata kijana amelala, picha inayoweza kupigwa popote duniani. Anayerudi nyuma hatua tatu, akaiacha lakiri ya forodha ionekane kwenye mlango wa kontena, anapata mtu aliyehamia barabarani pamoja na mzigo usio wake. Kwa kazi hii lenzi ya milimita 28 au 35 inafaa kuliko lenzi ndefu, kwa sababu inamlazimisha mpigapicha kusogea, na akisogea ataonekana, na akionekana itabidi asalimie. Simu nyingi zina upana wa namna hiyo tayari.

Mwanga wa huku una tabia zake. Mji uko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi ni za makoti na moto wa pembeni mwa barabara. Kufikia Oktoba jua la mchana husimama karibu wima, na kofia hufuta macho ya aliyeivaa. Wazoefu huhamia kwenye vivuli vya matela. Anga jeupe au turubai jeupe nyuma ya mtu huidanganya kamera ipunguze mwanga, uso mweusi ukabaki doa. Inabidi kuuongeza kwa mkono.

Jambo moja huwachanganya hata waandishi wazoefu. Saa ya Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima, hivyo saa tatu asubuhi Tunduma ni saa mbili Nakonde. Simu hujirekebisha yenyewe mtu akivuka. Kamera haina habari. Mfululizo wa picha uliopigwa kwa vyote viwili, ukipangwa kwa muda uliorekodiwa, utamwonyesha mwanamke akipokea mzigo kabla hajaununua. Na mfululizo ndio unaobeba simulizi ndefu: picha kumi na mbili za siku moja zikikosewa mpangilio zinakuwa uongo, ingawa kila moja ni kweli.

Maelezo ya picha nayo yanadai uangalifu. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili kinasikika vilevile Nakonde. Sura na mavazi havisemi nani Mtanzania na nani Mzambia. Asiyeuliza asiandike uraia. Neno “magendo” ndilo la hatari kuliko yote. Mtu aliyebeba gunia la mahindi kwa baiskeli katika njia ya pembeni anaweza kuwa anatoka shambani kwake, na maelezo ya mstari mmoja yanaweza kumfikisha polisi. Hali ni hiyohiyo kwa wanaobadilisha kwacha na shilingi mkononi: bunda la noti linavutia kamera, lakini linawavutia wezi pia. Mikono bila uso mara nyingi hutosha, na kama picha haina kitu bila uso wake, pengine haikuwa na kitu tangu mwanzo.

Kisheria, mpakani si mtaa wa kawaida. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha katika maeneo yanayolindwa, na kwa vitendo eneo la forodha, askari na miundombinu ya reli havipigwi bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeongeza uzito wa ridhaa pale taarifa za mtu anayetambulika zinapokusanywa na kusambazwa. Kwa upande wa mpigapicha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe, hata ikiwa imepigwa kwa simu ya dereva na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Huko ndiko picha nyingi za foleni ya Tunduma zinakoanzia safari, zikiambatana na sauti iliyorekodiwa ya mtu anayeeleza malori yamefika wapi leo.