Taksimu ya fidla (Zanzibar)

Taksimu ya fidla ni upigaji wa papo kwa papo wa fidla moja katika taarabu asilia ya Unguja, bila ngoma, aghalabu kabla ya wimbo kuanza. Maqamu zake (ngazi za sauti), kama bayati, rasti na hijazi, ndizo zinazosikika pia katika usomaji wa Kurani, adhana na kasida za maulidi. Shingo ya fidla haina vigawanyio, hivyo kidole huteleza hadi kwenye robo sauti na kuivuta kama msomaji avutavyo pumzi mwisho wa aya. Hata hivyo ala hii haiingii msikitini. Mahali pake ni ukumbini na harusini.

Mkondo huu wa taarabu ulitoka Misri enzi za Sultani Barghash (1870–1888), na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa 1905, kikaulea. Katika Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, iliko mitaa kama Jang'ombe, fidla hiyohiyo huongoza muziki wa kidumbak pamoja na sanduku, cherewa na mkwasa. Huko utulivu wa taksimu huisha haraka, kwani wachezaji hawana subira. Tangu 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinafundisha taarabu mjini Zanzibar.