Kamera Iliyobaki Loita

Kila filamu za zamani za Wamaasai zinapotajwa, dai moja hurudi: kwamba runinga ya Uingereza iliwanasa wakiwa bado wa asili, kabla historia haijawagusa. Kwa msomaji aliye Doldol, Laikipia, kaskazini mwa Nanyuki, dai hilo halina miguu.

Filamu zenyewe zinastahili heshima. Mwaka 1970 kituo cha Granada kilianzisha mfululizo wa Disappearing World chini ya Brian Moser. Ndani yake zikatoka Masai Women ya 1974 na Masai Manhood ya 1975, alizoziongoza Chris Curling akiwa na mwanaanthropolojia Melissa Llewelyn-Davies, aliyekuwa ameishi na Waloita, Wamaasai wa Narok, na kukijua Kimaa, lugha yao. Baadaye Llewelyn-Davies alihamia BBC, runinga ya umma, na mwaka 1984 akatoa The Women's Olamal pamoja na Diary of a Maasai Village, ya sehemu tano. Mwaka 1993 akawarudia wenyeji wake wa zamani katika Memories and Dreams. Karibu miaka 20, na watu ni wale wale.

Uvumilivu huo ulizaa kitu adimu. Katika The Women's Olamal, wanawake wanadai sherehe ya kuombewa uzazi, wazee wanasitasita, na wanawake wanawakabili ana kwa ana hadi haki yao itimizwe. Wanawake wanajisemea wenyewe. Wanazozana kwa Kimaa, na mtazamaji wa London analazimika kusoma tafsiri chini ya picha. Wanaoziita filamu hizi maonyesho ya watalii hawajazitazama.

Kosa ni la wanaoifanya Loita iwe Umaasai wote, usio na tarehe.

Tarehe zipo. Agosti 1904 Wamaasai walitia sahihi mkataba na serikali ya kikoloni: waondoke Bonde la Ufa, wengine waende kusini na wengine Laikipia, wakiahidiwa kuwa ardhi hiyo itabaki yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi haikudumu miaka saba. Aprili 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwaondoa Laikipia, na nyanda zao zikafunguliwa kwa masetla. Legalishu, kiongozi wa Wapurko, tawi la Wamaasai, alipinga. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mkataba wao ni kama wa mataifa mawili, hivyo korti haina mamlaka ya kuusikiliza. Serikali iliyowahamisha kwa amri, kama raia wake, iliwafungia mlango wa korti kama wageni. Wanaoendelea kuuita uhamisho huo makubaliano ya hiari wasome kwanza hukumu hiyo.

Wapurko waliotolewa Laikipia waliishia Narok, wakawa majirani wa Waloita. Kwa hiyo hata Loita iliyopigwa picha na BBC ilikuwa imekwisha kubeba matokeo ya 1911.

Huku Mukogodo, eneo la Doldol, Wayaaku wa msituni, wawindaji na warina asali waliokaa mapangoni, walibaki. Mwanaanthropolojia Lee Cronk ameeleza jinsi mahari yao ilivyotoka kwenye mizinga ya nyuki ikawa mifugo, na jinsi ndoa na majirani wafugaji zilivyowageuza wasemaji wa Kimaa katika miaka ya 1920 na 1930. Leo Kiyaaku kimebaki kwa wazee wachache.

Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, wafugaji wa Laikipia waliingiza mifugo kwenye ranchi wakidai ardhi yao, na mzee mmoja akauawa kwa risasi za polisi. Habari ya siku chache haiwezi kubeba jambo la karne nzima. KBC, shirika la utangazaji la Kenya linaloendeshwa kwa jina la umma, ina kila sababu ya kuifanyia Laikipia kazi aliyofanyiwa Mloita: kukaa Doldol miaka mingi, kurudi maboma yale yale, kuwaacha wenyeji waseme Kimaa na Kiyaaku, na kuanza simulizi mwaka 1904.