Elimu ya Theolojia katika Makanisa ya Magharibi mwa Kenya

Kuna neno litamkwalo mara kwa mara katika vijiji vyetu, nalo husemwa kwa nia njema: kwamba imani haihitaji masomo marefu, na kwamba mtu akisoma dini kupita kiasi, moto wa kuamini kwake hupoa. Wasemao hivyo hutoa mfano wa mitume, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi wala hawakuketi katika chuo chochote. Neno hili lina sehemu ya ukweli, kwa hiyo halifai kutupwa kabla ya kupimwa. Katika insha hii tutalipima kwa mizani ya historia, tena historia ya nyumbani, yaani ya Kakamega na nchi ziizungukazo.

Kwanza tueleze theolojia ni nini. Theolojia ni elimu ya mambo ya Mungu. Mwenye kuisoma hujifunza Maandiko Matakatifu na lugha ambazo yaliandikwa, hujifunza historia ya kanisa na sababu za mafarakano yake, na hujizoeza kupambanua fundisho lililo imara na fundisho lililo dhaifu. Elimu hii haimpi mtu imani, kama vile sarufi isivyompa mtu sauti. Lakini mwenye sauti asiyeijua sarufi huweza kusema jambo moja na kueleweka jingine, na hasara huwa ya wale wamsikilizao.

Historia yetu ya jambo hili yaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Mei mwaka 1885, huko Frere Town karibu na Mombasa, Askofu James Hannington aliwapa daraja la ushemasi Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler. Jones alikuwa amechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India katika shule ya wamisionari. Miezi michache baadaye alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya bara. Walipofika kwa Sundu katika nchi ya Wanga, mji ambao leo waitwa Mumias, askofu alimwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, naye akaendelea na watu wapatao hamsini. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja Mumias kwa mashaka makubwa, akaandika habari za kila siku katika kitabu chake cha safari, kisha akawaongoza waliosalia mpaka pwani. Basi, miaka kumi na saba kabla ya misheni ya Kaimosi kufunguliwa, shemasi Mwafrika aliyesoma alikwisha kukaa katika nchi ya Kakamega, akishika roho za watu mkononi mmoja na kalamu mkono wa pili.

Wamisionari walifuata kwa wingi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Marafiki, ambao pia huitwa Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga Mumias na Mukumu. Kanisa la Mungu lilijenga Kima katika Bunyore, na Waanglikana walifika Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Kaimosi, Kima na Bunyore yote zilikuwa katika Wilaya ya Kakamega ya zamani, ijapokuwa leo zimo katika Kaunti ya Vihiga. Watu walipowaona vijana wakienda misheni na vitabu vyao, waliwaita abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo lafaa kukumbukwa. Katika nchi hii Mkristo alijulikana kwanza kwa kitabu alichokishika, kabla ya kujulikana kwa kanisa alilojiunga nalo.

Lakini kitabu chenyewe kilikuwa katika lugha ngeni. Huko Vihiga, mmisionari Emory Rees, ambaye alikuwa amewahi kukaa Afrika Kusini na kujifunza Kizulu, alianza kutafsiri Maandiko katika lugha ya Wamaragoli. Kazi hiyo isingaliwezekana pasipo mwenyeji wa kupima kila neno, na mwenyeji huyo alikuwa Joel Litu. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1925. Rees alipokwisha kurudi kwao, Litu aliendelea na Agano la Kale pamoja na mmisionari Jefferson Ford, mpaka Biblia nzima ikachapwa mwaka 1951. Majina ya wageni ndiyo yaliyotangazwa zaidi, walakini kila ukurasa ulipita katika masikio na akili ya Mmaragoli huyu.

Msomaji aweza kuuliza, je, kutafsiri ni theolojia? Naam, tena ni theolojia ngumu. Chukua jina la Mungu peke yake. Wawanga na Wabukusu walimwita Mungu kwa jina la Were, na jina la Nyasaye lilitumika kwa Waluhya wengi na kwa Waluo pia. Mfasiri atumiapo jina ambalo mababu waliliita wakati wa kuomba mvua na uzima, husema kwamba Mungu ahubiriwaye leo ndiye aliyeabudiwa jana. Akikopa jina la kigeni, husema kwamba mababu hawakumjua kabisa. Vivyo hivyo kwa maneno kama roho, dhambi, dhabihu na neema. Mtu hawezi kuamua mambo hayo kwa kujua lugha tu, wala kwa kumcha Mungu tu. Hana budi kujua Maandiko yasemavyo na watu wake waelewavyo, kisha alinganishe.

Kanisa la kale katika Afrika latuonyesha uzito wa kazi hiyo. Kaskazini mwa bara hili walitokea walimu ambao dunia yote ya Kikristo huwasoma mpaka sasa: Athanasio wa Aleksandria, na Agostino aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria. Hata hivyo, upande wa Agostino kanisa lilisoma na kusali kwa Kilatini, na watu wa mashambani hawakupata Biblia katika lugha yao wenyewe. Kartago ilipotekwa na Waarabu mwaka 698, kanisa lile lilififia hata likatoweka. Misri na Ethiopia nazo zilikuwa na Maandiko katika Kikopti na katika Kigeezi, na makanisa yao yangali hai. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, lakini wanahistoria wengi huitaja lugha kuwa mojawapo. Elimu iliyobaki kwa wachache wa mjini haikutosha kulilinda kanisa zima.

Sasa turudi Kaimosi, kwa tukio lililowatenga ndugu. Mwaka 1927 mmisionari Arthur Chilson alihubiri kwa bidii juu ya Roho Mtakatifu. Watu walianza kuungama dhambi hadharani, wakaomba kwa sauti kuu, na wengine wakanena kwa lugha zisizojulikana. Baadaye wakuu wa misheni waliyakataza mambo hayo. Waliokataliwa walisema kwamba wamepata kitu kile kile ambacho Maandiko yalikiahidi, na waliowakataza walisema kwamba utaratibu umevunjwa. Mwisho wake ulikuwa kutengana, na kundi lililotoka likawa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu.

Tazama jambo moja katika habari hii. Swali lililoulizwa lilikuwa la theolojia tupu: Roho hutambulikanaje, na nani ana haki ya kuhukumu? Kanisa la Korintho liliuliza swali hilo hilo katika karne ya kwanza, na Mtume Paulo alilijibu kwa barua ndefu. Lakini mwaka 1927 Marafiki wa Kaimosi hawakuwa na chuo cha kuwafundisha wachungaji Waafrika. Taasisi yao ya Biblia, ambayo ndiyo asili ya chuo cha theolojia cha Kaimosi cha leo, ilianzishwa mwaka 1942. Kwa hiyo shauri liliamuliwa na wenye mamlaka, na wenye kuamuliwa hawakupewa meza ya kujadiliana wakiwa sawa na waamuzi. Mtu hawezi kuapa kwamba elimu ingalizuia mtengano huo. Ila yaonekana wazi kwamba pasipo elimu iliyoenea, hoja hushindwa na cheo.

Wapo wasemao kwamba makanisa yaliyotengana kwa ajili ya Roho hayakutaka masomo. Historia haikubaliani nao. Daudi Zakayo Kivuli, aliyeanzisha Kanisa la Israeli la Kiafrika la Ninawi mwaka 1942, alikuwa amewahi kuwa msimamizi wa shule za misheni ya Nyang'ori. Kanisa lake liliingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1975. Mwaka 1978 viongozi wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika walikutana Cairo, wakaunda umoja wao ambao makao yake yako Nairobi, na miongoni mwa kazi za umoja huo ni kuwafundisha wachungaji theolojia pasipo kuwaondoa katika vijiji vyao. Watu hao walikuwa na bidii ya roho tele. Walichokitafuta ni nyenzo, na wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo.

Elimu hiyo ndiyo iliyowawezesha Waafrika kushika uongozi wa makanisa makubwa. Festo Olang', aliyezaliwa Bunyore mwaka 1914, alisoma Maseno na Alliance, akawa mwalimu, kisha akaenda kusomea ukasisi katika chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru. Chuo hicho kilikuwa kimeanzia Frere Town mwaka 1903, katika mji ule ule wa William Jones. Mwaka 1955 Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu huko Namirembe, Kampala, wakawa maaskofu Waanglikana wa kwanza Waafrika wa Kenya, na mwaka 1970 Olang' akawa askofu mkuu. Kwa upande wa Wakatoliki, Maurice Otunga, mwana wa Chifu Sudi wa nchi ya Wabukusu, alisoma mpaka Roma, ambako alipewa upadre mwaka 1950. Mwaka 1973 alifanywa kardinali wa kwanza wa Kenya. Waliowahi kuambiwa kwamba Mwafrika hawezi kukabidhiwa kanisa walipata jibu ambalo halikuhitaji kelele.

Hata hivyo, elimu nayo ina hatari yake, na aliyeionyesha vyema ni msomi mwenyewe. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, alipata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere. Alichunguza jinsi Wakamba walivyofundishwa habari za mwisho wa dunia, akaona kwamba mafundisho mengi yalitumia picha na hesabu ya wakati ambazo wasikilizaji hawakuzielewa kama walimu walivyokusudia. Katika vitabu vyake alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka kwa makabila mengi ya Afrika. Mbiti huyu alisimulia kisa cha mwanatheolojia aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada kubwa na lugha nyingi za kale. Kijiji kikamwandalia karamu. Ghafla dada yake akaanguka kwa kupagawa, na watu wakamgeukia msomi wao awasaidie. Akasimama pale bila la kufanya, kwa maana vitabu alivyovisoma vilikuwa vimejibu maswali ya watu wengine.

Kisa hicho hakitufundishi kuacha kusoma. Mbiti mwenyewe hakuacha. Alisoma na kuandika mpaka uzeeni, akatafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani hadi Kikamba, na alifariki mwaka 2019. Chatufundisha kwamba elimu ipimwe kwa maswali ya watu itakaowatumikia. Elimu pasipo amali ni kama nta pasipo asali: umbo liko, utamu hauko.

Sasa twaweza kulirudia neno la wanavijiji. Ni kweli kwamba mitume walikuwa wavuvi, lakini walikaa chini ya mwalimu wao, wakauliza na kukosolewa, kabla ya kutumwa. Ni kweli pia kwamba wako wasomi wasio na huruma. Lakini muumini asiyeweza kuchunguza ahubiriwalo humtegemea ahubiriye. Siku hizi mhubiri aweza kupaza sauti kwa mashine sokoni, akaahidi mali kwa atoaye sadaka kubwa, au akamkataza mgonjwa kumeza dawa. Mwaka 2023 nchi yetu ililia kwa ajili ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya watu mia nne walikutwa wamekufa baada ya kufuata mafundisho ya kufunga hata kufa. Hapo twaona kwamba swali la nani afundishe dini, na amejifunza nini, ni swali la uhai.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, msidhani kwamba elimu hii ni ya watakaovaa kanzu peke yao. Anayejifunza kusoma maneno yaliyotangulia mstari na yanayoufuata, anayeuliza neno hili katika lugha ya mama yake lina maana gani, anayewasikiliza wazee wamtajie majina waliyomwitia Mungu naye akayaandika, huyo ameianza kazi ya Joel Litu. Daftari na kalamu mnavyo tayari. Na wazee wajuao majina hayo wanapungua kila mwaka.