Hesabu za Kongwa

Mtu akitaka kujenga nyumba, kwanza hukaa akafikiri: ataka nyumba ya namna gani, itachukua miti mingapi, mafundi wangapi, fedha kiasi gani na siku ngapi. Hiyo ndiyo asili ya uongozi wa akili na hesabu: kutaja shabaha waziwazi, kupima njia za kuifikia, kuchagua iliyo bora, kisha kumgawia kila mtu kazi yake. Majeshi, makampuni na serikali za karne ya 20 zilipata nguvu nyingi kwa desturi hiyo, wala hapana mwenye busara awezaye kuidharau. Hata hivyo, hesabu yaweza kuwa sawa kwenye karatasi, na isiwe sawa kwenye udongo. Mfano mkubwa wa jambo hilo tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki, nao ni mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini haikuwa imeshiba. Siagi na mafuta ya kupikia viliuzwa kwa mgawo, kila mtu kipimo chake. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika nyika za Afrika ya Mashariki, ili zikamuliwe mafuta. Serikali ya Kiingereza ikatuma wajumbe 3, kiongozi wao akiwa John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Wajumbe hao walizunguka nchi kwa majuma machache, kisha wakaandika taarifa yao.

Taarifa hiyo ilikuwa na tarakimu za kupendeza. Zingelimwa ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 katika Kenya yetu. Gharama zilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi, na baada ya miaka michache zingepatikana karanga tani 600,000 kwa mwaka. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliukubali mpango huo, na Bunge likaarifiwa mapema mwaka 1947.

Tusiwacheke watu hao upesi. Shabaha yao ilikuwa njema: kuwalisha wenye njaa, na kuleta mashine na kazi katika nchi iliyokuwa maskini. Walikuwa na elimu, na walikuwa wametoka vitani, ambako walikuwa wameona majeshi yakipeleka watu na vyombo vingi ng'ambo ya bahari kwa amri na hesabu tu. Wakadhani kwamba nyika nayo itatii vivyo hivyo.

Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wenyeji walikuwa wakifuga ng'ombe na kulima mtama na uwele, kwa sababu waliijua mvua ya kwao kuwa ni chache na yenye hila. Mwaka huu yaja, mwaka ujao haiji. Mkaranga una tabia ya pekee: ua lake likiisha kuchanua, kikonyo huinama na kuingia ardhini, na huko ndiko karanga hukomaa. Kwa hiyo hutaka udongo mwepesi. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi mwingi; jua likishika baada ya mvua, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na kuzing'oa karanga ikawa shida kubwa. Jambo hilo lingejulikana kwa gharama ndogo kama lingefanywa kwanza shamba moja la majaribio. Lakini jaribio lingechukua miaka, na mpango haukuwa na nafasi ya kungoja.

Matrekta mengi yalikuwa yametumika tayari, mengine yakanunuliwa katika masalio ya vita huko Ufilipino. Yakaharibika mapema, na mafundi wa kuyatengeneza walikuwa wachache. Mizizi ya vichaka iliyavunja majembe. Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa na mizigo, na reli iliyokwenda bara ilikuwa ya njia moja tu. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Wafanyakazi nao walikuwa na shabaha yao, nayo ni mshahara wa kumtosha mtu na watoto wake. Bei za vitu zilikuwa zimepanda sana. Septemba mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukafuata reli mpaka ukafika Kongwa. Katika taarifa ya wataalamu watu hao walikuwa hesabu ya mikono; sasa ilidhihirika kwamba mikono hiyo ina vichwa na matumbo.

Tena liko kosa lililojificha zaidi. Shabaha ya kweli ilikuwa mafuta katika vikaango vya Waingereza, lakini kipimo cha kazi kilikuwa ekari. Basi kila aliyetaka kuonekana amefanya kazi alijitahidi kufyeka, hata pale ambapo kufyeka hakukuleta karanga. Kipimo kilikuwa kimekaa mahali pa shabaha.

Tarakimu zilipunguzwa, zikapunguzwa tena, na Januari mwaka 1951 serikali ilitangaza kuuvunja mpango. Pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu vya hesabu. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Na Kongwa je? Sehemu ya ardhi ile iligeuzwa kuwa shamba kubwa la kufugia ng'ombe. Serikali ilikuwa imezunguka njia ndefu, ikarudi kwenye kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya tangu zamani.

Mwaka ule ule wa 1947 mtaalamu wa Marekani, Herbert Simon, alitoa kitabu juu ya namna watu wanavyokata mashauri katika ofisi na makampuni. Alifundisha kwamba akili ya mwanadamu ina mipaka: kiongozi hawezi kujua yote wala kupima njia zote. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Aliyeyakubali mafundisho hayo angeanza na shamba dogo, angewauliza wenyeji, na angeacha nafasi ya kugeuza nia.

Wewe msomaji, huenda siku moja ukapewa shule, chama cha ushirika au idara ya serikali uiongoze. Usiache kuhesabu, kwa maana asiyehesabu hupotea gizani. Lakini kabla ya kuzidisha na kujumlisha, uliza kila tarakimu imetoka wapi, na ni nani aijuaye ardhi ile ambaye bado hajaulizwa. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Kongwa hakuulizwa mwenyeji, na bei ya swali hilo moja ikawa pauni milioni 36.