Kina kwa Jicho Moja

Neno kina lina maana mbili ambazo kila mshairi wa pwani huzijua: urefu wa kwenda chini baharini, na mlio unaooana katika mishororo ya ubeti. Kina cha shairi hakisimami peke yake. Hutaka mwenziwe wa kukiitikia. Na kina cha macho nacho hutaka wawili. Hivyo ndivyo alivyoeleza mtaalamu wa Kiingereza, Charles Wheatstone, mwaka 1838. Macho ya binadamu yametengana kwa takriban sentimita 6, na kwa hiyo kila jicho hupata taswira yake, iliyohitilafiana kidogo na ya mwenziwe. Akili ndiyo huziunganisha, zikawa kitu kimoja chenye umbali na ukaribu.

Juu ya msingi huo ndipo iliposimama sinema ya pande tatu. Mwezi wa Novemba 1952, Arch Oboler alionyesha mjini Los Angeles filamu yake Bwana Devil, iliyoanzisha wimbi la filamu za namna hiyo nchini Marekani. Jina lake lilibeba neno la Kiswahili, na kisa chake kilitoka huku kwetu: simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa, mwaka 1898. Watazamaji walivaa miwani maalumu iliyolipa kila jicho picha yake.

Je, mwenye chongo? Miwani hiyo humfikishia picha moja tu, nayo ni bapa, yenye giza kidogo kuliko sinema ya kawaida. Akiivua, huona picha mbili zilizopandana. Kitu kinaporushwa kuelekea ukumbini, jirani zake huinamisha vichwa. Yeye hubaki ametulia, asielewe kilichowashtua. Amelipa kiingilio sawa na wao, ilhali karamu hakuandaliwa yeye.

Hata hivyo, mwaka 1953 kampuni ya Warner Bros. ilimkabidhi filamu yake ya pande tatu mtu wa jicho moja. Huyu ni André de Toth, mzaliwa wa Hungaria, na filamu yenyewe ni House of Wax: hadithi ya mchonga sanamu za nta ambaye jumba lake linateketezwa kwa moto, naye akaanza kuzifanya maiti kuwa sanamu. Mchongaji huyo aliigizwa na Vincent Price. Mwaka huo huo Raoul Walsh, naye wa jicho moja, aliongoza Gun Fury, filamu nyingine ya pande tatu.

Wangewezaje? Ajabu hupungua mtu akikumbuka kwamba jicho moja halikunyimwa kina chote. Kilicho karibu hukifunika kilicho mbali; kivuli huonyesha mwinuko; ukungu huusogeza mlima nyuma. Aliyemo mashuani huona mikoko ya ukingoni ikipita mbio na minazi ya mbali ikienda polepole, hata akifumba jicho moja. De Toth aliishi kwa alama hizo kila siku. Kweli, ndani ya House of Wax yumo mpiga debe mlangoni anayewarushia watazamaji mpira uliofungwa kwa uzi. Lakini nguvu ya filamu imo katika barabara zenye ukungu, vivuli, na sanamu zilizopangwa safu nyuma ya safu. Hayo hata mwenye chongo huyaona.

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Yaani mapenzi huisitiri ila. Kwa de Toth hapakuwa na haja ya sitara. Alifariki mwaka 2002, na mwaka 2014 filamu yake ikaingizwa katika orodha ya taifa la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa. Maelfu walikiona kina alichowatengenezea. Yeye mwenyewe, kwa namna waliyokiona wao, hakukiona kamwe.