Kambini ama kwa ndugu? Swali la zamani la wanaokimbilia Bunia

BUNIA – Familia inayofika mjini na godoro kichwani hukutana na swali moja kabla ya giza kuingia: ilale kambini ama iombe nafasi kwa ndugu? Bunia inaulizwa swali hili kwa zaidi ya miaka 20.

Mei 2003, askari wa Uganda walipomaliza kuondoka, vikundi vyenye silaha viliupigania mji. Maelfu ya watu walikimbilia pembeni ya makao ya MONUC na kando ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyepanga kambi hizo. Watu walifuata mahali penye askari wa Umoja wa Mataifa. Juni, jeshi la Ulaya lililoongozwa na Ufaransa, katika operesheni Artemis, lilikuja kulinda mji na kambi hizo hadi tarehe 1 Septemba.

Desemba 2017, vita vilirudi wilayani Djugu. Mwanzoni mwa 2018, waliofika Bunia walijenga vibanda kwenye kiwanja cha Hospitali Kuu, na wengine baadaye karibu na chuo cha ISP. Faida ya kambi ilionekana: majina yaliandikwa, msaada ulijua pa kufika. Lakini kiwanja cha hospitali ni cha wagonjwa. Watu walipozidi mwaka 2019, wengi walihamishiwa kambi mpya ya Kigonze. Waliokwisha kuzoea mahali walifungasha tena.

Nyumba ya ndugu ina mlango na kufuli, na watoto hawalali chini ya shitingi. Ndiyo maana katika Kongo wengi wa waliohama makwao wanaishi katika familia zinazowapokea, si kambini. Shida ni kwamba aliyejificha ndani ya nyumba ni rahisi kusahaulika wakati orodha ya msaada inapoandikwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini aliyekimbia Djugu ameacha shamba lake nyuma, na unga wa mwenyeji unapungua kila jioni.

Kambi nayo si ukuta. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliua watu wapatao 60 katika kambi ya Savo. Juni 2023, zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala. Kabla ya hapo, baada ya Drodro kushambuliwa Novemba 2021, maelfu walikusanyika Rhoo, karibu na kituo cha MONUSCO, kama watu wa Bunia mwaka 2003.

Historia hii inaacha maswali ya kuuliza kabla ya kupiga mti wa kwanza wa kibanda. Ardhi ni ya nani, na ameitoa kwa muda gani? Nani anaandika majina? Nani analinda usiku? Anayechagua nyumba ya ndugu naye ajitambulishe mapema kwa shefu wa mtaa, ili jina lake lisipotee.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zinasema aliyehama kwao ana haki ya kuingia na kutoka kambini kwa uhuru. Kwa hiyo familia iliyochagua jana inaweza kubadili leo. Hakuna anayepaswa kuifunga mahali.